Majina Kumi na Mawili ya Mzee Mumbere

Wanawake wengine huoneana wivu kwa ajili ya waume. Mimi, Lakot, nilimwonea wivu mzee wa miaka sitini mwenye mguu mmoja.

Mzee Mumbere alikuwa Mkongo, amepigana na Waitaliano kule Uhabeshi na mguu akauacha huko. Kanisa letu dogo la Kamwokya lilimlea kama yai. Padri alituambia kwamba askari aliyezeeka, akasahauliwa na waliomtuma vitani, ni mgeni wa Kristo mlangoni kwetu. Basi tukapangiana zamu: huyu ampelekee matoke, yule amchemshie maji ya kuoga. Mimi nilimfulia Jumamosi. Shati lake nililikamua kwa hasira, maana mume wangu naye alikuwa askari, na hakuna aliyemtengea hata kikombe cha chai.

Mume wangu, Koplo Yusto Obwona, aliitwa nje kambini asubuhi moja ya mwaka sabini na moja, pamoja na Waacholi wenzake ambao watawala wapya wa mapinduzi waliwashuku. Hakurudi. Sikupewa mwili wala barua. Kumuulizia ilikuwa kujitafutia kifo, na hata kumlia nilimlia nimeuma leso.

Kila Novemba, mwezi wa marehemu, katekista husoma majina ya wafu wetu. Mumbere alikuwa na wafu kumi na wawili, wenzake wa Uhabeshi. Kila jina likisomwa, aliinuka kwa gongo lake akaitikia, "Yuko!" na kanisa zima likamtazama kwa huruma. Mwaka wa sabini na tatu nilipeleka jina langu moja tu, la Yusto. Katekista alikunja karatasi upesi, akanirudishia.

"Nnyabo, mama yangu, hili siwezi. Kwenye mabenchi kuna masikio."

Nilirudi nyumbani nikichemka. Watu waliokufa miaka thelathini iliyopita, tena nchi za watu, walisomewa majina na kuombewa. Wangu hakuwa na wa kumsomea.

Mwaka uliofuata macho ya mzee yaliharibika, akanitajia majina yake niyaandike. Tulipofika la saba, Mushagalusa, kalamu ilisimama. Katekista hakuyajua majina ya Kikongo, lakini hesabu aliijua. La kumi na tatu angeliuliza. Mahali pa Mushagalusa nikaandika Yusto tu, bila Obwona. Sitasema uongo, roho yangu ilifurahi. Na yeye apungukiwe hata mmoja, aone ilivyo.

Jumapili katekista akasoma. Alipotaja "Yusto", mzee alikuwa ameshainuka nusu. Akageuza sikio kwa katekista. Nilishika benchi. Angeuliza huyo ni nani, mbele ya masikio yale, ningekuwa nimekwisha. Mzee akajikaza juu ya gongo lake.

"Yuko!" akasema, kwa sauti kubwa kuliko zote.

Jumamosi nilikwenda kumfulia, sikuthubutu kumtazama usoni.

"Mama Lakot, Mushagalusa haukumuandika."

"Ni kweli, Mzee. Nisamehe."

"Ni yeye alinibeba siku mguu yangu ilivunjika. Siku mbili, ku mugongo. Kisha akarudia kubeba mwingine, wakamuua."

Nilitamani ardhi inimeze. Kati ya wote kumi na wawili, nilikuwa nimemfuta huyo.

"Na huyu Yusto, ni bwana yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa na cheo gani?"

Miaka mitatu hakuna mtu aliyeniuliza chochote juu yake. Padri hakuuliza, wala wanawake wa zamu, wala ndugu zangu.

"Koplo," nikasema.

"Koplo Yusto," mzee akarudia polepole, kama anayetia kitu mfukoni. "Leta karatasi, uandike wote kumi na tatu upya. Nitaambia katekista nilisahau moja. Ni uzee."

Nililia, na hata nikilia wivu haukuniisha wote. Mzee huyu alipata wa kumbeba. Yusto wangu sijui kama alikuwa na mtu. Nikafuta mikono yenye sabuni, nikachukua kalamu. Jina la kwanza nikaandika Mushagalusa.