Rangi Mbili kwa Kidonda Kimoja

Jirani yangu wa Kiseke, mama aliyekuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, amefariki dunia, na juzi tumemzika. Alichomwa na mwiba wa samaki kidoleni. Mtu mzima, aliyeweza kujitwisha ndoo ya maji huku anabishana na watu njia nzima, amekufa kwa mwiba. Mnivumilie, wasomaji wangu, maana leo sina maneno matamu. Nina kinyaa.

Nilimkuta siku moja barazani kwake akiwa amekipasua kidonge cha rangi mbili, ile dawa ya kuua vijidudu, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, ananyunyizia unga wake juu ya kidonda. "Dada, hiyo si ya kumeza?" nikamwuliza. Akanicheka. "Kaka, wewe nawe! Nikiimeza itazunguka mwili mzima ikikitafuta kidole. Si bora niifikishe mwenyewe?" Ndivyo ulimi wake ulivyokuwa. Unga uliobaki aliufunga kwenye kipande cha gazeti, pengine chenye safu hii hii, akauweka akiba. Kidole kilipozidi kuvimba nilifuatana naye dukani. Muuzaji, ambaye alianza na mafuta ya taa na bado anayauza, alizamisha mkono ule ule unaonuka ndani ya kopo la vidonge. "Ngapi, mama?" "Mbili." Nikauliza kama dawa ile haina dozi. "Mzee, dozi ni mambo ya hospitali. Hapa mteja anasema anachotaka. Siku hizi ruksa!" Neno hilo la kufungulia biashara limeturudishia sabuni na sukari madukani, sikatai. Lakini tumeliacha likaingia hata ndani ya damu zetu, na hakuna anayeona haya.

Mkono ulipovimba hadi kwapani akalazwa. Wodini alitundikiwa dripu, na sindano yake ikaachwa palepale mpaka ngozi ikawa nyekundu na usaha ukaanza kuchungulia pembeni. Nilimwona muuguzi akimaliza kusafisha kidonda cha mgonjwa wa kitanda cha pili, kisha akaja kumshika yeye kwa glovu zile zile. Homa ikampanda, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu, na sindano zote alizonazo hazivitishi tena. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kumbe hata vijidudu huzoea dawa. "Nyumbani alikuwa akitumia dawa gani?" aliuliza. Mumewe akajibu kwa fahari kabisa: "Rangi mbili, daktari. Hata siku moja hatukumnyima." Daktari akainamisha kichwa.

Msibani nilisikia yale yale ya siku zote, kwamba siku ikifika imefika, na kazi ya Mungu haina makosa. Jamani, tumwache Mungu. Hakuuza vidonge kwa mkono wenye mafuta ya taa, wala hakusahau sindano kwenye mshipa wa mtu. Nikiwa bado nimekunja uso, binti wa marehemu akakohoa, na shangazi yake akajifunga kanga na kusimama. "Ngoja nikamchukulie rangi mbili huyu mtoto." Nikamwahi mlangoni. "Shikamoo, shangazi. Mpelekeni kwanza akapimwe." Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Yaani mama yake hata hatujamaliza kumlilia, wewe unataka mtoto anyimwe dawa?" Watu wote barazani wakanigeukia kama mtu asiye na huruma, na shangazi akanipita akaenda zake. Basi niliandike hapa, maana pale hapakuwa na wa kunisikiliza. Yule mama hakufa kwa kunyimwa dawa. Alikufa kwa kupewa ovyo, na waliompa ni watu waliompenda.