Nundu Upande wa Kushoto

Katika maabara ya mawe na udongo walimwita Mama Jangwa, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho, ingawa jasho lenyewe asingeliruhusu liingie chumbani mwake. Alikuwa mtunzaji wa mashine ya infraredi kwa miaka kumi na tisa. Kikombe cha chai kiliishia mlangoni. Mwavuli, hivyo hivyo. Fundi wa umeme aliyekuja anahema kwa joto alioneshwa kibao cha nje, akakae kwanza akauke.

Hakugomba. Alinyoosha kidole tu, kwa kuwa watu hakuwa na maneno nao. Mumewe alipenda kuwaambia wenzake kwamba ameoa saa ya ukutani: haisemi kitu, lakini ukiitazama unajua umechelewa.

Unyevu aliuchukia kwa sababu ya kazi. Alichukua chembe ya jiwe, akaisaga kwenye kinu kidogo pamoja na chumvi maalumu, akaishindilia mpaka ikawa kidonge chembamba kama ukucha, kisha akakitia kwenye mashine. Ndani, kidonge kilipitishwa mwanga usioonekana kwa macho, ule tunaouhisi kama joto tukikaa karibu na jiko. Kila madini humeza sehemu yake ya mwanga huo, na maji nayo humeza ya kwake. Mashine huchora mstari, na penye maji mstari hutuna, ukafanya nundu pana upande wa kushoto. Tatizo ni ile chumvi. Hunywa maji ya hewani kama mtu anayefuturu. Ukizembea kidogo utasema jiwe lina maji, kumbe maji umeyaleta wewe.

Jumatatu ikaja barua. Kiwanda cha vioo kilikuwa kimeleta mchanga mweupe upimwe, maabara ikasema una maji, na wao wameupima kwingine wakaambiwa ni mkavu kabisa. Mkuu wa maabara akamwita.

"Mama, unajua ninavyokuheshimu," alisema. "Lakini hii ni mara ya tatu. Nakupa mpaka Ijumaa uniambie hiyo nundu inatoka wapi. Ukishindwa, mashine inahamia maabara kuu, na wewe nitakuweka mapokezi."

Mapokezi! Kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni, kuwauliza watu wazima habari za safari na hali ya watoto! Mama Jangwa alitoka humo akaenda moja kwa moja kwenye mashine yake.

Mshukiwa wa kwanza alimjua: tarishi, yule mwenye mdomo usio na kufuli, ambaye hakuna barua aliyoikabidhi bila kuisindikiza na hadithi. Akafungua daftari akaanza kupima ule mchanga mweupe kila saa, akiandika na aliyeingia. *Jumatatu, saa nane na robo. Tarishi. Shati limelowa mgongoni. Dakika mbili. Nundu: kubwa.* Akatabasamu.

Jumanne asubuhi aling'olewa gego. Taya likavimba, mdomo ukagoma kufunguka, naye akajifunga kitambaa kizito kuanzia puani hadi kidevuni. Siku hiyo mvua ilinyesha. Tarishi akaingia na koti linalochuruzika, akangoja kidole. Kidole kilikuja, lakini hakikuwa na nguvu za kawaida.

"Kumbe leo huna mdomo!" tarishi akashangilia. "Basi ngoja nikusimulie habari za shemeji yangu na kitanda alichokitengeneza kikagoma kutoka mlangoni." Akavuta kiti. Alikaa nusu saa, koti likidondoka tii, tii, sakafuni. Jumatano akarudi kumalizia.

Mama Jangwa alipima mchanga wake kwa hasira, akatazama mstari. Upande wa kushoto umenyooka kama uzi. Akapima tena. Hakuna nundu. Alhamisi uvimbe ukapungua, kitambaa kikatoka, tarishi akafukuzwa, na nundu ikarudi imenona.

Akaketi na daftari mapajani. Kuna jambo moja ambalo hakulifanya siku zile mbili, na ambalo hakuwahi kuliandika kwa sababu hakudhani ni jambo. Hakuzungumza na mawe.

Ijumaa alisimama mbele ya mkuu.

"Nundu ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Nikisaga huwa nainama kwenye kinu. Nasema nayo. Pumzi yangu inalowesha chumvi."

"Unasema na nani?"

"Na mawe."

Nje ya mlango mtu alikohoa. Kikohozi cha tarishi.

Mkuu akataka kuona kwa macho yake. "Saga kama unavyosaga siku zote. Usibadilishe chochote."

Mama Jangwa aliinamia kinu. "Haya, mwanangu," alianza kwa sauti ya kuibia. "Usiniaibishe mbele ya watu." Akasaga. Chembe zilikuwa ngumu, na mkono ulipozoea, ulimi nao ukazoea. "Mwenzako wa jana alikuwa mkaidi kama baba watoto akitafuta soksi. Na leo tuna mgeni, umemwona? Ndiye mkuu wetu. Anatembea kama amemeza rula. Viatu vyake vinalia kwii, kwii, tunamsikia akiwa bado ngazini, halafu anashangaa kwa nini anatukuta sote tunafanya kazi..."

Alisaga dakika tano. Alipoinua kichwa, mkuu alikuwa akitazama viatu vyake.

Wakatia kidonge kwenye mashine. Nundu iliyotokea haijapata kuonekana katika chumba kile.

Akasaga kingine, kitambaa usoni, kimya. Mstari ukalala.

Mkuu akailinganisha michoro miwili. "Mashine inabaki," alisema.

"Na mapokezi?"

"Mapokezi?" Mkuu alianza kutoka kwa ncha za vidole, viatu visilie. "Mama, nikuweke wewe uwapokee wageni wangu? Nimekwisha."

Tangu siku hiyo Mama Jangwa husaga amefunga kitambaa. Lakini maneno ya miaka kumi na tisa hayana breki, na kabla ya kila jiwe husimama kizingitini ayamalize kwanza, mwenye bahati mbaya akiwa ni yeyote anayepita kwenye korido.

"Mama," tarishi humsihi, bahasha kwapani, "mwenzio nina barua saba za kupeleka."

"Zitafika," humjibu. "Kaa hapo kwenye kibao. Unalijua lile jiwe la kijani?"