Lai Minsen wa Banda la Kakao

Lai Minsen alifika Upolu, kisiwa cha Samoa, pamoja na binamu yake, na huyo ndiye mtu pekee aliyeweza kuzungumza naye. Sisi vibarua wengine wa Kichina katika shamba lile tulikuwa Wakantoni. Wao wawili walikuwa Wahakka, watu wa milimani, na lugha yao ilitupita kando kabisa.

Msimu wa kwanza wa mvua, binamu alishikwa na tumbo la kuhara damu. Bwana Kessler, msimamizi wetu Mjerumani, alisema anajifanya mgonjwa, akamwinua mkekani kwa fimbo na kumpeleka kazini. Binamu alianguka katikati ya mikakao, na hakuamka tena. Minsen alimchimbia kaburi mwenyewe. Tangu hapo hatukumsikia akisema zaidi ya "ndiyo", "wali" na "maji", maneno machache aliyoyaokota kwetu. Tukamwita Bubu.

Kengele iligongwa kabla jua halijatoka. Tulipasua maganda ya kakao mpaka viganja vikachanika, na ute wake ukaingia vidondani ukiwasha kama pilipili. Siku ya kuugua haikuhesabiwa kwenye mkataba, kwa hiyo mgonjwa alizidi kuongeza siku za kifungo chake. Kutoka shambani bila cheti ilikuwa mijeledi. Ng'ambo ya ukuta wa mawe Wasamoa waliimba kila jioni, nasi tulikatazwa kukanyaga nyumba zao.

Minsen alipewa banda la kukaushia, kugeuza mbegu juu ya joto kutwa nzima, peke yake. Ukipita nje ulimsikia akiongea. Aliuliza kwa sauti moja na kujibu kwa nyingine.

"Leo Bubu ana mgeni!" alisema Fung, mcheshi wetu. "Muulizeni kama kaja na sigara."

Tulicheka. Kicheko kilikuwa adimu kule.

Mwaka wa tatu, Fung alimwaga kapu la mbegu kwenye tope, na Bwana Kessler akamvunja mkono. Jioni ile Fung alisimama kambini, mkono umefungwa kitambaa.

"Kesho tukishakula, hakuna kurudi kazini, ndugu zangu. Tunakwenda mjini Apia kwa balozi wetu. Wote. Hawawezi kutuchapa wote."

"Na Bubu je?" niliuliza.

"Si huyo hapo? Kasikia."

Kweli alikuwepo, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kama sisi.

Tulikwenda. Balozi alitusikiliza na kuahidi kusema na wakubwa, kisha askari wakaturudisha. Tulipokaribia shamba, moshi ulikuwa unatoka sehemu moja tu, banda la kakao. Bwana Kessler akamtoa Minsen nje, akamwekea mkono begani.

"Mchina mwema ni huyu mmoja tu!"

Akampa sigara. Minsen aliipokea kwa mikono miwili, akainama kwa adabu, kisha akatutazama akishangaa mbona tumekasirika.

Usiku ule alikuta mkeka wake umelowa maji na bakuli lake limetupwa nje.

"Kalale kwa bwana wako, mbwa we!" Fung alimfokea.

Akalala bandani, na hakuna aliyemfuata. Zilipita wiki. Mimi nilimfuata siku moja nilipopeleka kuni. Nikamwonyesha kwa mikono. Fimbo ikishuka. Mkono wa Fung. Miguu ikitembea.

"Apia?" aliuliza.

"Apia."

"Ndiyo... ndiyo?" Akachora duara hewani, la sisi sote.

"Ndiyo. Sote."

Akakaa chini juu ya magunia. Akaanza kujipiga kifua kwa ngumi.

Baada ya mwezi Bwana Kessler alimfanya nyapara. Asubuhi, mbele ya mstari wetu, alimkabidhi fimbo na kumwonyesha kwa kidole amchape Fung, ambaye mkono wake ulikuwa haujanyooka na kazi yake ilikuwa ya polepole. Minsen akaichukua. Akatembea nayo mpaka bandani, akaisukuma ndani ya moto wa tanuri, akarudi mikono mitupu na kusimama mahali pake mstarini.

Alichapwa mpaka shati likaganda mgongoni. Halafu akaondolewa bandani akabebe magunia ya mbata hadi ufukweni, kazi ya kuvunja watu.

"Lai," Fung alimwita jioni ile, akisogea mkekani. "Njoo ule, kaka."

Alikuja. Tangu hapo alikula nasi, na hakuna aliyemwita tena Bubu. Lakini maongezi yetu yaliendelea kupita juu ya kichwa chake, naye alicheka tulipocheka, akichelewa kidogo.

Mikataba ilipokwisha tulipanda meli moja ya kurudi. Mpishi wa meli alikuwa Mhakka. Alipomsalimia kwa lugha yao, Minsen akasimama pale pale mlangoni pa jiko. Kisha maneno yakaja. Mpishi aligeukia masufuria yake, na Minsen akaendelea kusimama mlangoni akiusimulia mgongo wa mpishi.

Tuliachana bandarini Hong Kong. Mimi nilishika njia ya mto, yeye akaelekea milimani, na kifurushi cha nguo za binamu yake begani. Mama wa marehemu alikuwa bado hai, na hakuwepo mtu mwingine wa kumpa habari ile.