Mkono Kooni mwa Ng'ombe

Pale Chijolar, kijiji cha wafugaji ukingoni mwa mto, kila nyumba yenye ng'ombe ilimjua Hermila Sagahón kwa mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono mrefu, mwembamba, mgumu kama mpini, na baba yake ndiye aliyeufunza kazi tangu angali msichana: kutoa kilichokwama kooni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa kule wana uroho wa maembe. Msimu ukifika huyabugia mazima, na kokwa ikilala vibaya mnyama huvimba na kufa mbele ya macho yako. Hapo watu walikuja mbio wakimwita Doña Hermila, naye hakuwahi kukataa. Alijipaka mafuta ya nguruwe hadi kwapani, akamwambia mtu avute ulimi wa ng'ombe kando, kisha akaingia, amefumba macho. Alikuwa akisema huko ndani macho hayana kazi.

Daktari wa mifugo hakuitwa. Watu wa Chijolar hawakuwa wameisahau miaka ya ugonjwa wa miguu na midomo, askari walipochimba mtaro mrefu malishoni, wakawasukumia ng'ombe humo na kuwapiga risasi, wazima kwa wagonjwa. Tangu hapo mtu akiuguliwa na ng'ombe humficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga wamesema, lakini wahenga hao hawakuuona ule mtaro.

Mwaka huo wa mvua nyingi Hermila alikuwa mjane anayeishi na mwanawe mmoja, Adelfa. Mume wa Adelfa alikuwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akichuma pamba, naye alimwacha mkewe na mimba ya kwanza. Wakunga walikuwako mbali, na Hermila alikuwa na haja moja tu kwa Mungu: ampokee mjukuu huyo kwa mikono yake mwenyewe, kama yeye alivyopokewa na nyanya yake. Alikuwa ameshafua na kukunja vitambaa akaviweka juu ya sanduku, mapema mno, Adelfa akimcheka.

Maembe yalikuwa yakielekea kwisha alipokuja Onésimo Rubio, kompadre wake. Onésimo ndiye aliyemshika Adelfa siku ya ubatizo, na kule kushikiana mtoto ni undugu unaoshinda wa tumbo moja.

"Komadre, lete mkono wako. Pinta amekwamwa."

"Mkono hauji peke yake, kompadre. Ngoja mwenyewe amalize kahawa."

"Maliza. Lakini ukimkuta amekufa, wewe utakula kwato."

Walimkuta Pinta zizini, ameinyoosha shingo, udenda ukimchuruzika kama uzi hadi chini. Alikuwa akijaribu kumeza na hakuna kilichoshuka. Miguu ya nyuma ilipishana kama ya mlevi. Shingoni palikuwa na mstari wa damu kavu, alama ya popo, na hapana aliyeutazama mara mbili, kwani wakati wa mvua ng'ombe gani hakunyonywa na popo?

Onésimo aliushika ulimi kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa na kidonda kibichi cha waya wa seng'enge. Hermila akaingia. Alipita meno, akapita shina la ulimi, akafika pale ambapo kwa kawaida koo hubana mkono hadi machozi yanakutoka. Koo la Pinta halikubana. Lilikaa wazi, limelegea kama gunia tupu.

"Hamna kitu," akasema.

"Kipo. Mbona hamezi?"

"Nakwambia hamna."

"Tafuta vizuri, komadre, ama uzee umekuingia vidoleni?"

Maneno hayo yalimchoma. Akaingia tena, kwa hasira safari hii, akachokoa mpaka bega likagusa pua ya ng'ombe, na alipotoka meno ya nyuma yalimkwaruza kuanzia kiwiko hadi kifundo. Alijifuta kwa majani. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza kwa nini mkono ule, uliozoea kubanwa, ulikuwa unasikia baridi.

Pinta akalala chini, asiamke tena. Onésimo akamzika nyuma ya mashamba ya miwa, akarundika matawi juu. Lakini kaburi moja hufichika, mengi hayafichiki. Jirani akapoteza dume lake, mwingine akapoteza wawili. Watu wakasema ni derriengue, ugonjwa wa ng'ombe kuvunjika kiuno, wakaulaumu umande na majani mabaya. Habari zikavuka mto, na ghafla daktari wa serikali akaingia Chijolar juu ya nyumbu, buti zikiwa tope tupu. Jina lake Barragán. Alikuwa kijana, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeulizia njia.

Aliwakusanya mbele ya kanisa. Akawaambia kwamba umande hauna hatia. Hiki ni kichaa, kilekile cha mbwa, ila hapa kinaletwa na popo anayenyonya damu. Ng'ombe hakimbii hovyo wala haumi mtu, hulegea koo tu, na sumu yote imo ndani ya mate.

"Sasa niambieni," akasema. "Nani ametia mkono kinywani mwa ng'ombe mgonjwa?"

Hapana aliyemtazama Hermila. Wote walikuwa wakiangalia viatu vyao, na kutomtazama kwao kulikuwa kama kumnyooshea kidole. Alihisi mikwaruzo chini ya shali yake ikiwaka moto. Alitaka kusema. Kisha Onésimo akainua macho mara moja, yakimwomba, naye akauona tena akilini ule mtaro, na ng'ombe wa kijiji kizima wakiserereka ndani yake. Akanyamaza.

Alipofika nyumbani hakula. Adelfa, aliyekwisha kusikia ya kanisani, alimwekea maharagwe na tortila za mahindi, akasimama mbele yake, tumbo limeanza kutokeza, mikono kiunoni.

"Mama, nyoosha mkono."

"Wa nini?"

"Nyoosha."

Adelfa aliiona ile mikwaruzo. Alikwenda kwenye sanduku, akachukua vile vitambaa vilivyokunjwa, akamrushia mama yake mapajani.

"Basi ukifa ufunikwe navyo wewe," akasema, akatoka nje kulia.

Kulipopambazuka Hermila alimkuta Barragán kivukoni akitandika nyumbu.

"Nikikwambia jambo, daktari, mtaua ng'ombe wangapi?"

"Hata mmoja, bibi. Wagonjwa wanakufa wenyewe. Wazima tutawachanja."

"Basi ni mimi. Na mwenzangu aliyeshika ulimi."

Alimwona kijana yule akiacha kufunga kamba. Hilo lilimtisha kuliko hotuba ya kanisani.

"Lini?" akauliza.

"Maembe yalikuwa hayajaisha."

"Nendeni mjini leo hii, wote wawili. Ni sindano za tumboni, kila siku, mpaka wakuambie basi. Ukianza kuumwa kabla hujachomwa, bibi, hakuna dawa. Sikufichi."

Onésimo alikuwa akirekebisha ua Hermila alipomfuata. Alimsikiliza huku akipiga misumari.

"Sindano za tumboni? Mimi nina mimba?"

"Kompadre, sicheki."

"Nami sibweki. Unaniona nabweka? Kidonda kimepona, tazama." Akamwonyesha kiganja. Kweli kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu jeupe. "Nikienda kukaa mjini, nani atakamua? Watu waseme Onésimo amekimbia ng'ombe wake kwa kuogopa popo?"

"Kwa mwoga huenda kicheko, kompadre."

"Basi nenda ukacheke wewe. Utuletee mkate wa mjini."

Hermila akaenda mjini. Alilala kwa binamu yake, na kila asubuhi alipanda hadi hospitali, akalala chali, nesi akamchoma kandokando ya kitovu mpaka tumbo likawa gumu, jekundu, linalowaka. Hakulia. Kilichomtesa ni hesabu ya njia: alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa ule hupanda polepole kutoka jerahani kwenda kichwani, na alilala usiku akiufikiria mkono wake kama barabara yenye mtu anayetembea juu yake, wala hajui amefika wapi. Je, dawa ilikuwa mbele yake au nyuma yake?

Alirudi Chijolar na mkate. Onésimo aliupokea, akaula wote mbele yake, akamcheka tena.

Maboga yalikuwa yamekomaa aliposikia kwamba kompadre wake anajikuna kile kiganja. Kinawasha, alisema, kama kina siafu. Baadaye mkono wote ukawa unamchomachoma. Halafu asubuhi moja Tranquilina, mkewe, akaja hajafunga nywele.

"Komadre, njoo. Hanywi maji. Nikimletea kikombe anakitupa."

Hermila alijitanda shali. Akaenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa aibu.

Onésimo alikuwa ameketi kitandani, shati limelowa jasho, macho makubwa, akili zake timamu. Hilo ndilo baya lake, hakuwa amepotewa na akili hata kidogo. Mlango ulipofunguka upepo kidogo ulimgusa uso, shingo yake ikakakamaa yote, mdomo ukatanuka akitafuta pumzi. Udenda ulikuwa ukimtoka kidevuni. Mshtuko ulipomwachilia akamtambua mgeni wake, akatabasamu.

"Ndiyo wewe. Afadhali. Komadre, kuna kitu kimenikwama hapa."

"Hakuna kitu, kompadre."

"Kipo. Kama kokwa. Hawa wengine hawajui." Akafungua kinywa. "Tia mkono."

Tranquilina alimtazama Hermila, maskini, kwa matumaini. Mwanamke yule aliyekuwa ameingia katika makoo ya ng'ombe wa wilaya nzima alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya sketi. Alitaka kumwambia pole. Onésimo alibaki na kinywa wazi, akingoja, kwa adabu, mpaka mshtuko mwingine ukamfunga.

Hakumaliza wiki.

Walimzika upesi, wanaume wamejifunga vitambaa puani. Tranquilina hakuachwa hivihivi, Hermila mwenyewe alimpeleka mjini akachomwe, naye hakubisha. Ilipofika Xantolo, sikukuu ya wafu, kila nyumba ikatandaza maua ya njano, mishumaa, tamale za unga wa mahindi, na glasi ya maji, maana roho hufika ina kiu. Tranquilina alisimama mbele ya meza yake, glasi mkononi.

"Nimwekee, komadre? Aliyaogopa sana."

Hermila alitazama yale maji yakitikisika ndani ya glasi, na kitu kama sisimizi kikamtembea kiwikoni. Akajikuna. Kikarudi.

Tangu siku ile hakuwa na amani. Kila alfajiri aliamka kabla ya Adelfa, akachota maji mtungini, akasimama mlangoni upepo umpige usoni, akanywa taratibu, akisikiliza kila funda linavyoshuka. Funda likipita aliweza kusaga mahindi. Siku moja alipaliwa, akakohoa, akaketi chini jikoni mpaka moto ukazimika. Aliacha kuonja chakula cha mwanawe. Alitenga bakuli lake na kijiko chake. Nesi wa mjini alikuwa amemwambia kwamba mtu mzima asiyeumwa hamwambukizi mwenziwe, na sindano alizimaliza zote. Alimwamini nesi mchana. Watu nao wakaanza kupita mbali na ua wake, na mwenye ng'ombe aliyekwamwa kweli, kwa gunzi, alimwacha afe kuliko kumwita. Hermila alimwambia Adelfa ni sawa, hata wangemwita asingekwenda.

Uchungu ulimshika Adelfa siku ya baridi, mto umejaa, kivuko hakipitiki. Mkunga alikuwa ng'ambo.

"Nitamwita Tranquilina," Hermila akasema.

"Tranquilina hajawahi kuzalisha hata kuku. Mama, kaa hapa."

"Mkono huu, Adelfa."

"Ninao mwingine wa kutumia?"

Alichemsha maji. Alijisugua kwa sabuni ya mche, kisha kwa pombe ya miwa, hadi ngozi ya mkono ikataka kutoka, na kote huko alikuwa akisikia wale sisimizi wakitembea, ama akidhani anawasikia. Hakuweza tena kutofautisha. Aliomba kwa midomo iliyofungwa, asije akadondosha mate. Mtoto alitangulia kichwa, akateleza katika kiganja chake, msichana, mweusi wa nywele, akalia mwenyewe bila kupigwa.

Hermila akamfunga haraka kwa kitambaa, akamweka kifuani kwa mamake, akarudi kusimama karibu na mlango.

"Mbona umesimama huko?" Adelfa akauliza. "Njoo umbusu mjukuu wako."

"Bado."

"Mpaka lini, mama?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na ndani ya zizi la jirani ng'ombe mmoja alikuwa akilia kwa sauti nene, ya chini, isiyokatika. Hermila aliisikiliza mpaka ikanyamaza. Kisha akafunga mlango, akapachika komeo, akavuta kiti akaketi pale pale, amekumbatia mikono yake, akimtazama mtoto kutoka mbali.

"Nikijua," akasema, "nitakwambia."