Nyavu za Shangazi

Asubuhi ile, Mbamba Bay, shangazi yangu alikuwa akianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, tuliposikia watu wakipiga kelele za mwizi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameibiwa nyavu zake zote. Alikimbilia ufukweni, nami nikamfuata.

Tulimkuta kijana amelala mchangani, uso umejaa damu, wavuvi wamemzunguka na makasia. Mmoja alishika dumu la petroli.

Shangazi alipenya katikati yao, akamfunika kijana kwa kitenge chake, kisha akaketi kando yake.

“Mama, ondoka,” mwenye dumu alisema. “Huyu ndiye aliyekuibia.”

“Niliyeibiwa ni mimi,” shangazi akajibu taratibu, “na sijamtuma mtu kuua. Mwiteni mtendaji wa kata.”

Hakuna aliyesogea. Nikaenda kuketi upande wa pili wa kijana. Hatimaye mvuvi mmoja aliweka kasia chini, akaenda kumwita mtendaji.

Kijana alifikishwa kituo cha polisi akiwa hai. Nyavu hazikupatikana. Baadhi ya wavuvi waliacha kumwamkia shangazi, naye akawa anaanza yeye kuwasalimu.