Kwa Nini "Kiti Yangu"?

Mwalimu Syombua alikuwa na tabia moja iliyomsumbua baba yake, ikawasumbua masista waliomsomesha, na mwishowe ikamsumbua mwalimu wake mkuu: hakujua kuliacha swali. Alizaliwa Kathiani, katika familia ya mahindi, mbaazi na misa ya Jumapili. Siku moja wakipalilia, alimuuliza baba yake kwa nini Wakamba wana jina la kila mdudu wa shambani lakini mdudu mwenyewe hajui anaitwaje. Baba akamwambia, "Palilia." Akapalilia, ila swali lilibaki naye hadi mwisho wa mstari, na mistari mingine mingi baadaye.

Alipomaliza chuo cha ualimu alipelekwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi upande wa Mumbuni. Kufikia mwaka wa 1998 alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani mikubwa na sauti iliyofika dawati la mwisho bila kupandishwa. Darasa la saba lilikuwa lake. Kila mwaka alifundisha ngeli, kila mwaka alisahihisha insha kwa kalamu nyekundu, na kila mwaka makosa yalikuwa yale yale. Kitabu yangu. Viti yetu. Mbuzi yangu. Watoto walibadilika, makosa hayakubadilika, kana kwamba yanaachwa chini ya madawati kusubiri darasa linalofuata.

Muhula wa pili wa mwaka ule akaja msichana mgeni, Halimo. Baba yake, Mzee Gelle, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyehamisha familia yake kutoka Garissa ili awe karibu na wanunuzi. Halimo alikuja na Kisomali chake kizima na Kiswahili alichokuwa amekiokota kwa miezi michache tu. Asubuhi ya kwanza alitoka kwenda kutafuta chaki, na aliporudi alikuta mtu amechukua kiti alichopewa. Akasimama katikati ya darasa.

"Mwalimu, kiti yangu iko wapi?"

"Kiti changu kiko wapi," Syombua akamsahihisha, kama alivyozoea.

Halimo akafikiri kidogo. "Nani alisema hivyo?"

Darasa likaangua kicheko. Mtoto mwingine angeuliza vile angeambiwa apige magoti. Lakini Syombua alimtazama usoni akaona msichana hana ujeuri wowote. Alikuwa anauliza kwa sababu kila mtu aliyemsikia tangu afike Machakos, dukani, njiani, hata kwenye geti la shule, alisema kiti yangu. Ni mtu mmoja tu aliyesema kiti changu, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake na chaki mkononi.

"Keti kwanza," Syombua akasema. "Swali lako nitalijibu."

Alienda na swali hilo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo.

Kesho yake aliingia darasani na kufanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Shule ile ilikuwa na kibao, kipande cha mbao chenye kamba, alichovalishwa mtoto yeyote aliyesikika akisema Kikamba. Aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyeosha vyoo. Siku hiyo kilikuwa shingoni mwa Ndanu, msichana mpole aliyekuwa wa mwisho katika sarufi tangu darasa la nne. Syombua alikivua, akakilaza mezani.

"Leo hiki kimelala," akasema. "Ndanu, niambie kwa Kikamba: kiti changu."

Ndanu akatazama mlango. "Nitavalishwa tena, mwalimu?"

"Hutavalishwa."

"*Kĩvĩla kyakwa*."

"Viti vyangu?"

"*Ivĩla syakwa*."

"Mti wangu? Miti yangu?"

"*Mũtĩ wakwa. Mĩtĩ yakwa*."

Syombua akaendelea kumuuliza, haraka haraka, vitu vya jikoni, vya shambani, vya mwilini. Ndanu hakukosea hata pale ambapo mwalimu mwenyewe ilibidi asite. Kila jina alilipa kiambishi chake, kama mama anayegawa chakula bila kuhesabu watoto. Alipomaliza alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika somo la Kiswahili.

"Nani alikufundisha haya?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Hiyo ni kuongea tu."

Hapo Syombua akakaa kwenye kona ya meza. Mtoto huyu alikuwa na ngeli kichwani tangu anyonye. Tena ngeli za Kikamba zilikuwa ndugu wa ngeli za Kiswahili, zinafanana sura na mwendo. Sasa ilikuwaje mtu aseme *kĩvĩla kyakwa* bila kukosea nyumbani, kisha avuke lango la shule aanze kusema kiti yangu?

"Mbuzi yangu naielewa," aliwaza kwa sauti. "Kwa Kikamba tunasema *mbũi yakwa*. Hiyo mmeibeba kutoka nyumbani. Lakini kiti yangu haikutoka kwa Kikamba. Nani aliwapa?"

"Ni watu," akajibu Halimo kutoka nyuma.

"Watu gani?"

"Watu wote."

Wakati huo kivuli kilipita dirishani. Alikuwa Mwalimu Festus, mwalimu mkuu, mtu mrefu aliyevaa koti hata wakati wa joto. Alikuwa amesikia Kikamba kutoka katika somo la Kiswahili, na alikuwa amekiona kibao mezani.

Baada ya somo alimwita ofisini.

"Mwalimu Syombua, hapa tunafundisha Kiswahili ama Kikamba?"

"Nafundisha Kiswahili, Bwana Mkuu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Mtihani wa KCPE hauulizi Kikamba. Wazazi wananiuliza alama, hawaniulizi mahali pa kuanzia." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hicho kibao mimi pia nilikivaa nikiwa mtoto. Na ona, nimefika hapa."

"Ulifika kwa sababu ya kibao, ama ulifika ukiwa umekivaa?"

Festus alimwambia arudi darasani na afuate silabasi. Syombua alifuata, kwa nje.

Muhula wa tatu, walimu wa nchi nzima waligoma. Shule zilifungwa, na wenzake wengi walirudi mashambani kwao kuandaa shamba kabla ya mvua. Syombua alifanya hivyo kwa siku chache, kisha akavaa viatu vya kutembelea na kwenda kumtafuta Mzee Gelle katika uwanja wa mifugo karibu na Kyumbi. Halimo alikuwepo, amekaa na mama yake kwenye kibanda cha chai.

"Salaam aleikum, Mzee," Syombua akasema.

"Aleikum salaam, Mwalimu. Msichana amefanya makosa?"

"Hapana, Mzee. Ameniuliza swali. Naomba kukaa hapa nisikilize watu wakinunua ng'ombe."

Gelle alikuwa ameona watu wengi wakija uwanjani, wanunuzi, madalali, madaktari wa mifugo, hata wezi, lakini hakuwa ameona mtu aliyekuja kusikiliza tu. "Karibu chai," akasema, na kumwonyesha benchi.

Alikaa hapo asubuhi yote. Mkulima mmoja aitwaye Mutiso, aliyetoka upande wa Masii, alikuwa anamtazama fahali mwekundu wa Gelle.

"Hii ng'ombe iko na shida ya mguu," Mutiso akasema.

"Hii haina shida. Hii imetembea kutoka mbali, imechoka tu."

"Na meno yake iko sawa?"

"Fungua mdomo yake, angalia mwenyewe."

Mutiso akamgeukia mke wake aliyesimama pembeni na kumweleza maoni yake kwa Kikamba. Syombua akainua kichwa. Maneno yale yale, mguu, meno, mdomo, sasa yalikuja yamevaa vizuri, kila moja na kiambishi chake, hakuna lililokosea. Kisha Mutiso akarudi kwa Gelle, na nguo zote zikavuliwa tena. Meno yake iko. Mdomo yake.

"Halimo," Syombua akanong'ona, "na baba yako, akiongea na wenzake kwa Kisomali, maneno yanashikana, kila moja na kiambishi chake?"

"Yanashikana sana," Halimo akasema. "Mwanamume ni *nin*. Ukisema yule unayemjua, unasema *ninka*. Mwanamke ni *naag*, lakini yeye anakuwa *naagta*. Hauwezi kuchanganya. Ukichanganya, nyanya yangu anakucheka."

"Nyanya yako anajuaje?"

"Anajua tu. Kama vile Ndanu anajua."

Syombua akaweka kikombe chini. Mutiso na Gelle wote wawili walikuwa na sarufi kamili nyumbani kwao. Lakini ya mmoja haikumfaa mwenzake, kwa hivyo walipokutana kila mmoja aliiacha yake nje, kama watu wanavyoacha viatu mlangoni, na wakaelewana kwa kile kilichobaki. Ng'ombe aliuzwa. Walipeana mikono wakacheka. Hakuna aliyekosa kuelewa neno hata moja.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewaambia watoto kwamba Kiswahili cha sokoni ni Kiswahili kibovu. Sasa alikuwa amekiona kikifanya kazi mbele ya macho yake, na hakikuonekana kibovu. Lakini pia alijua kwamba Ndanu hangeweza kuandika insha kwa lugha ya fahali mwekundu. Alirudi Mumbuni akitembea polepole, akijisemesha, hata jirani mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Mgomo ulipoisha, somo la kwanza la darasa la saba lilikuwa la kutunga sentensi. Syombua aligawa ubao sehemu tatu kwa chaki. Upande mmoja aliandika Nyumbani, katikati Sokoni, na upande wa mwisho Kitabuni. Kisha akawapa neno moja, kiti, na kuwataka watunge sentensi ileile katika sehemu zote tatu.

Ndanu aliinuliwa kwanza. Akaandika *kĩvĩla kyakwa*, akaandika kiti yangu, kisha akasimama mbele ya sehemu ya tatu, mkono hewani.

"Usiangalie ya katikati," Syombua akamwambia. "Angalia ya nyumbani. *Kyakwa* inaanza na sauti gani?"

"*Ky*."

"Na kitabuni ndugu yake ni nani?"

Ndanu akaandika taratibu: Kiti changu. Akasita, kisha akaongeza bila kuulizwa: Viti vyangu. Kisha akageuka. "Mwalimu, ni kitu kimoja!"

"Karibu kimoja. Sasa andika mbuzi, uone mahali ndugu hao wawili wanapogombana."

Mlango ulikuwa umefunguka bila mtu kusikia. Mwalimu Festus alikuwa ameketi nyuma, kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti karibu na kidevu. Darasa likaganda. Syombua hakuufuta ubao. Aliendelea na somo.

Watoto walipewa neno ukuta. Wakatatizika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika Kikamba chake kinasemaje. Mmoja akasema hivi, mwingine vile, wakaanza kubishana. Basi kutoka nyuma sauti nzito ikaingilia, ikitoa neno moja la Kikamba ambalo watoto wengi hawakuwa wamewahi kulisikia.

Wote wakageuka. Festus alikuwa amekunja uso kama mtu aliyejishika akiimba.

"Hivyo ndivyo nyanya yangu alivyosema," akaeleza. "Andika, Mwalimu. Nataka kuona kitabuni inakuwaje."

Hakumpongeza baadaye ofisini. Alisema tu kwamba katika vipindi vya Kiswahili vya darasa la saba kibao hakitaingia, na kwamba alama zikishuka, watazungumza tena. Katika vipindi vingine kiliendelea kuvaliwa, na Syombua aliendelea kulilalamikia hilo kwa miaka. Alama za sarufi zilipanda, si kwa kishindo, lakini Ndanu alipita KCPE ya darasa la nane na kwenda sekondari, na sentensi zake zilisimama kwa miguu yao. Familia ya Halimo ilihamia Isiolo mwaka uliofuata mgomo. Kabla hawajaondoka, msichana alikuja kuaga na kuacha swali lingine: kama mtu ni wangu na mtoto ni wangu, kwa nini baba na rafiki ni yangu?

Swali hilo Syombua alikaa nalo hadi mwaka wa 2003, alipopelekwa semina ya walimu Nairobi akamuuliza mhadhiri mmoja wakati wa chakula cha mchana. Mhadhiri akaacha kutafuna. Akamwambia kwamba huenda zamani hata majina ya wanyama na watu yalifuata sura ya neno lenyewe, si uhai, na kwamba maneno ya ukoo na ya urafiki yamebaki na mwendo huo wa kale. "Kwa hivyo wanafunzi wangu wanaosema mbuzi yangu," Syombua akauliza, "wamechelewa tu?" Mhadhiri akacheka hadi akaomba maji.

Alipita Athi River akirudi, kumwona mtoto wa kaka yake, Nzisa, aliyekuwa anashona nguo za kuuzwa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ. Nzisa aliongea Sheng ya vijana wa mjini na wenzake, na Kiswahili chake hakikujali ngeli yoyote. Akaanza kumweleza shangazi yake habari za wiki.

"Shangazi, ona. Nilinunua kasimu kadogo, kakaanguka kwa maji, sasa kamekataa kuwaka."

Syombua akamshika mkono. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya simu. Kiti unasema kiti yangu, sivyo? Lakini hapa umesema kasimu, kadogo, kakaanguka, kamekataa. Hujakosea hata moja. Nani alikufundisha?"

"Shangazi, simu imekufa na wewe unauliza sarufi?"

"Kasimu kamekufa," Syombua akamsahihisha, akitafuta kalamu mkobani. "Hebu sema tena, polepole. Na zikiwa nyingi, mnasemaje?"