Jiko la Mafuta Kisiwani

Jana fundi alimwaga mafuta ya taa barazani kwangu hapa Moshi, na harufu ile ikanirudisha kisiwani.

Baba alikuwa akiongoza wageni mlimani. Mwaka mmoja, nikiwa msichana wa shule, baridi ya kileleni ilimharibu vidole vinne vya mkono wa kulia, na hospitalini wakavikata. Rafiki yake, askari wa wanyamapori, akatupatia nyumba kwa siku tatu kwenye kisiwa cha mbali ziwani. Nyumba hiyo haikuwa na mpishi, kwa hiyo tulibeba ndizi, maharage na jiko letu la mafuta.

Jioni ya kwanza viboko walitoka majini, wakala majani hatua chache kutoka dirishani. Nilitamani kuwatazama, lakini macho yangu yalibaki kwa baba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akihangaika na kiberiti. Njiti zilimvunjikia, nyingine zikamponyoka. Nikainuka.

“Kaa,” mama alininong'oneza. “Mwache baba yako.”

Njiti zilipobaki chache, baba alinisogezea kiberiti bila kuniangalia.

“Washa wewe, mama,” akaniambia.

Niliwasha kwa njiti moja tu, na nikaona aibu kwamba ilikuwa rahisi vile.

Tulikula huku viboko wakiguna nje.

“Tukirudi,” baba akamwambia mama, “buti zangu za mlimani mpe mdogo wako.”

Mama alimwongezea ndizi kwenye sahani, akazikatakata kwa kijiko vipande vidogo vidogo, kama alivyonikatia mimi nilipokuwa sijaanza shule.